Anakaa Vizuri

Nauza dawa za mifugo, mbegu na chakula cha kuku hapa Githongo, na kazi hiyo imenifunza kwamba mkulima akisema ndama wake ana kasoro, watu husikia. Akija asubuhi akaniambia ndama aliyezaliwa jana hakanyagi mguu mmoja, simwambii kila ndama ana siku yake. Namwuliza ni mguu upi, tangu lini, ananyonya au hanyonyi, na kabla ya chai ya saa nne daktari wa mifugo ameshafika kwake na pikipiki. Huyo ni ndama. Mimi nilizunguka na binti yangu mgongoni kwa miezi minane nikisema mkono wake wa kushoto haufunguki, na nilichokusanya ni methali.

Niliuona mkono huo nikimwosha, akiwa na miezi mitano. Najua mtoto mchanga hukunja ngumi, huyu hakuwa wa kwanza kwangu. Kaka yake yuko gredi ya tatu. Lakini ngumi ya kulia ilikuwa imefunguka kitambo, ilinishika pua, ilivuta leso, ilininyang'anya kijiko. Ya kushoto ilibaki imefumba na kidole gumba kikiwa ndani. Ili niisafishe ilibidi niikunjue kidole kimoja kimoja, na ndani ya kiganja kulikuwa na uchafu mweupe wa maziwa na nyuzi za blanketi, unanuka kama kibuyu kisichooshwa. Harufu hiyo ndiyo iliyonitisha. Kiganja cha mtoto hakitakiwi kunuka, kinatakiwa kushika vitu vya watu na kuvitupa.

Mficha uchi hazai, nami sikuficha. Nilimwonyesha kila mtu mkono ule. Mume wangu, ambaye ni mpima kahawa kwenye kiwanda cha ushirika, aliugeuza mara mbili akasema, "Wewe ukitafuta ugonjwa utaupata." Wateja dukani walicheka wakasema huyu atakuwa tajiri, tazama mkono wa birika ulivyoanza mapema. Mke wa mchungaji aliniambia subira huvuta heri. Jirani mwingine akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa shamba, nimeona matunda yakiozea juu ya mti kwa kungojewa. Tangu siku hiyo akawa ananunua chakula cha kuku kwingine.

Mama mkwe wangu hakusema methali. Tunaishi naye boma moja, na ndiye anayebaki na mtoto nikiwa dukani. Mimi ni mtu wa Siakago, Kimeru nilijifunzia kwenye ndoa, na tangu mwanzo nimemwita cucu kama tunavyoita nyanya kwetu Mbeere. Cucu aliutazama mkono, akautazama uso wa mtoto, mashavu yale, akasema kwa Kimeru kwamba mtoto mnene huchelewa. Akaniambia baba yake pia alichelewa, na leo anabeba gunia la kahawa peke yake. Alisema kwa upole, na upole wake ulinichosha kuliko kicheko cha wateja.

Akiwa na miezi sita nilimpeleka kliniki mwenyewe. Kliniki hiyo sitaitaja, wala sitasema iko upande gani, maana sisi ni watu wa kujuana. Alipimwa uzito. Kile kijitabu cha kliniki kina mstari wa uzito unaopanda kama barabara ya mlimani, na wa binti yangu ulikuwa unapanda vizuri. Nikasema, "Sista, mkono wake wa kushoto." Sista akasema, "Mama, mtoto ameongeza kilo, shukuru Mungu. Anayefuata." Nikajikuta nje, mtoto mikononi, nguo zake zikiwa bado begani kwangu.

Ningemlaumu sista huyo peke yake kama mimi ningefanya jambo la maana baada ya hapo. Sikufanya. Nilirudi dukani nikaendelea kuikunjua ile ngumi kila asubuhi na kuiosha, na kila asubuhi nilijiambia pengine ni mimi ninayeona vibaya.

Alipofika miezi tisa, siku ya chanjo ya surua, nilikuwa Embu. Sisi wenye maduka ya dawa za mifugo tulikuwa tumeitwa mafunzo ya siku mbili kuhusu kuhifadhi chanjo za kuku kwenye baridi, na asiyehudhuria duka lake lingefungwa. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikijifunza jinsi ya kutunza chanjo ya kifaranga, huku mtoto wangu akipelekwa kupata yake na bibi yake. Niliporudi cucu alinipokea kwa furaha. Mtoto hakupata homa. Kila mtu kliniki alimsifu. Sista alikuwa mgeni, mstaarabu sana, aliuliza maswali mazuri.

Kesho yake nilifungua kijitabu nione tarehe ya kurudi. Kuna ukurasa wenye orodha ya mambo ambayo mtoto hufanya na umri wake: kutabasamu, kushika kichwa, kugeuka, kukaa bila kushikiliwa. Mbele ya kukaa bila kushikiliwa kulikuwa na tiki ya wino wa buluu. Tiki safi, ya mtu asiye na shaka.

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, pale pale nilipomweka, akipiga hewa kwa mkono wa kulia. Ukimketisha alianguka upande wa kushoto kama gunia lililofunguliwa, na hakunyoosha mkono kujizuia. Miezi tisa, na hakuwahi kukaa peke yake hata kwa muda wa kupiga chafya.

Cucu alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Nikamwuliza sista alimwuliza nini jana. Akaacha uteo, akalirudia swali kwa Kiswahili, kwa fahari, kama mtu anayesoma Biblia mbele ya kanisa. "Aliniuliza, anakaa vizuri?"

"Na wewe ukasema?"

"Nikamwambia, ndio sista, anakaa vizuri sana." Halafu akaniangalia. "Kwani anakaa mbaya? Nilimpaka mafuta, nikamvalisha ile kofia nyekundu. Watu wote walisema huyu mtoto anakaa mzuri."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Huku kwetu, kutoka Mbeere nilikozaliwa mpaka hapa Imenti, kukaa ni kuonekana. Tunasema, leo unakaa mgonjwa. Tunasema, huyu anakaa baba yake kabisa. Ukimwuliza mtu wa huku kama mtoto anakaa vizuri, umemwuliza kama anapendeza, na bibi gani atasema hapana? Lakini yule sista mgeni alikuwa amesomea kazi Pwani, baadaye nilimsikia mwenyewe, Kiswahili chake kilikuwa kile cha taarifa ya habari. Kwake kukaa ni kukaa, matako chini na mgongo wima. Wanawake wawili walikutana kwenye neno moja, kila mmoja akaondoka na maana yake, wote wawili wameridhika, na mtoto wangu akabaki ameandikwa kwamba anaweza jambo asiloliweza.

Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka cucu naye akacheka bila kujua anacheka nini. Halafu hasira ikanipanda, na sitaki kuipamba: nilimchukia kidogo. Nilijiambia, miezi minne nimemwonyesha mkono huu, na siku ya kusema ukweli mbele ya mtu aliyesomea, yeye akazungumzia kofia. Mkwe hapigiwi kelele, kwa hiyo sikupiga. Nilimpelekea chai bila neno kwa siku tatu, na kwa wale wanaojua, hiyo ni kelele tosha. Alinywa chai yake bila kuuliza.

Wiki iliyofuata nilifunga duka nikaenda kliniki kuondoa ile tiki. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Sista mgeni alikuwa peke yake, na foleni ya akina mama ilikuwa imezunguka mpaka kwenye tangi la maji. Alifungua kijitabu.

"Hapa pameandikwa anakaa," akasema.

"Ni makosa, sista. Hakai. Mama mkwe alielewa vingine."

"Alielewa vingine vipi? Kukaa ni kukaa."

Nikajaribu kumweleza. Unajaribuje kumweleza mtu mwenye Kiswahili safi kwamba Kiswahili chetu kimemdanganya? Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema hawezi kufuta, kitabu cha serikali kikifutwafutwa mkaguzi atauliza ni nani aliyefuta na kwa nini.

"Basi mweke chini umwone mwenyewe."

Akaitazama sakafu ya saruji, akaitazama foleni. "Amelala, mama. Tusimsumbue." Kweli alikuwa amelala. Mtoto aliyebebwa mgongoni tangu asubuhi hulala. Alinionyesha mlango wa daktari.

Daktari, ingawa najua hakuwa daktari kamili, sisi huwaita hivyo wote, alikuwa kijana mwenye kola nyeupe sana. Alisoma kijitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, na nikapata matumaini. Hakumtazama mtoto hata mara moja, lakini nilijiambia anaanza na maandishi.

"Mama, kitabu inasema ako sawa," akasema. "Uzito iko juu, amekaa na miezi tisa, hiyo iko ndani ya muda. Mkono pengine ni uvivu. Nyinyi mnabeba watoto sana, hawapati mazoezi."

"Nataka barua ya kwenda kwa watu wa mazoezi ya viungo."

"Barua nitaandika nini? Mtoto anakaa, nimtume akafanywe nini huko?" Akanirudishia kijitabu. "Akimaliza mwaka kama bado uko na wasiwasi, rudi."

Kama bado niko na wasiwasi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wangu. Nilitembea kurudi dukani na maneno hayo, na mteja wa kwanza aliponiambia kuku wake wamekataa kula, nilimwuliza kwa ukali kama amejaribu kusubiri.

Sikusubiri mwaka. Nilienda hospitali moja kubwa mjini, ambako nilisikia yuko mtu wa mazoezi. Karani wa dirishani akaniambia mtu huyo hupatikana siku moja tu kwa wiki. Nikarudi siku hiyo, ameenda semina. Nikarudi wiki ya pili. Yupo, lakini barua iko wapi? Nikaeleza. Karani akafungua kijitabu, akaiona tiki, akanitazama kwa huruma ya mtu anayeona mama mwenye mtoto mzima akihangaika bure. Soja wa mlangoni akaniambia, "Mama, bila barua hapana." Wakati huo huo mtu wa mazoezi akapita na kikombe cha chai mkononi, beji kifuani. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, mtu aliyesomea kufungua mikono ya watoto, na nilimwacha apite, kwa sababu nililelewa nisiwakimbilie watu wenye beji. Mpaka leo nikikumbuka hatua zile tatu najikasirikia.

Mara ya tatu nilienda na barua. Niliiandika mwenyewe dukani, kwa kalamu nzuri, kwenye karatasi yetu ya risiti kubwa. Nilieleza mkono, kidole gumba, upande anaoangukia, kila kitu kwa mpangilio. Nilifikiri mtu akiisoma ataelewa. Karani aliisoma juu tu, penye picha ya ng'ombe na kuku.

"Hii ni ya mifugo," akasema, akanirudishia.

Mume wangu nilipomsimulia alicheka, halafu akaniona usoni akaacha. Alisema tumwachie Mungu. Nilimwambia Mungu tumeshamwachia, sasa hivi tunayemtafuta ni mtu wa mazoezi. Hatukuongea vizuri wiki ile. Ninadhani yeye pia alikuwa ameanza kuogopa, maana nilimwona asubuhi moja kabla ya kwenda kiwandani akijaribu kumpa mtoto ufunguo kwa upande wa kushoto, akiuchezesha ulie, na mtoto akigeuza mwili mzima ili aushike kwa kulia. Alijaribu mara nne. Alipogundua ninamwona akaweka ufunguo mfukoni na kutoka.

Mwaka ukafika. Nilirudi kliniki kama nilivyoambiwa, nikamkuta daktari mwingine. Yule wa kola nyeupe alikuwa amehamishwa. Huyu alikuwa mtu mzima, na kwa mara ya kwanza mtu alimtoa mtoto wangu mgongoni na kumketisha mezani. Mtoto akaanguka upande wa kushoto. Daktari akamdaka. Moyo wangu ulipiga kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, kwa sababu hatimaye mtu ameona.

Akachukua kijitabu, akafungua ule ukurasa, na uso wake ukabadilika.

"Miezi tisa alikuwa anakaa," akasema polepole. "Sasa ni mwaka na hakai. Alianguka lini?"

"Hajaanguka."

"Nani hukaa na yeye ukiwa kazini?"

"Cucu yake."

"Huyo cucu anakunywa pombe? Humwachia mtu mwingine? Mama, mtoto haachi kukaa hivi hivi. Mtoto akikaa halafu aache, kuna kitu ilimpiga. Niambie sasa, maana nikiandika vile naona hapa, ni watu wa ofisi ya watoto watakuja kwako kuuliza."

Nilielewa polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mahakamani. Ile tiki ilikuwa imekataa kumpa mtoto msaada, na sasa ilikuwa inamtafutia mshtakiwa. Nilimwona cucu, ambaye huondoa mawe madogo kwenye njia kabla ya kupita na mtoto, akihojiwa kwa Kiswahili. Nilijua wangemwuliza nini na nilijua angewajibu nini, na nilijua nani angeandika.

Nikamweleza daktari habari ya neno lile. Nilieleza vibaya, nikiharakisha, nikichanganya, na nikajisikia mwenyewe nikisikika kama mwongo. Alinisikiliza, lakini alikuwa ameshika kalamu. Nikasimama, nikamchukua mtoto na kijitabu, nikasema nitarudi na baba yake. Sikurudi. Najua daktari yule alikuwa anafanya kazi yake, na pengine kwa mtoto mwingine swali lake lingeokoa maisha. Lakini siku ile nilikimbia kliniki kama mwizi, na mtoto niliyekuwa nimemleta mwenyewe wamwone.

Nyumbani nilimkuta cucu anamsubiri mtoto na uji uliopoa. Sikumwambia aliyoulizwa. Nilimpa mtoto, nikaenda kukata majani ya ng'ombe, na huko shambani nikalia kwa hasira.

Msaada ulikuja mwezi uliofuata, ukiwa umefuata dawa ya minyoo ya mbuzi. Mama mmoja mfugaji kutoka Ruiri alikuwa dukani kwangu, amekuja Githongo kumwona dada yake. Nilikuwa nimemweka mtoto kwenye mkeka nyuma ya kaunta, nikimzungushia magunia matupu asianguke. Yule mama alichungulia juu ya kaunta, akasema, "Mkono ya mjukuu wangu ilikuwa namna hiyo. Mbona humpeleki Ruiri?"

Nikamwambia sina barua.

"Barua ya nini? Kuna mtu ya mazoezi anakuja kila mwezi kwa ukumbi wa kanisa. Unaenda tu na mtoto na leso mbili."

Nilimpimia dawa yake. Miezi minane. Jambo hilo lilikuwa likijulikana na wafugaji wa mbuzi, na hakuna mtu mmoja mwenye meza na muhuri aliyewahi kunitajia.

Tulienda watatu, mimi, mtoto na cucu. Nilimchukua cucu kwa sababu mazoezi yakifundishwa ni yeye atakayeyafanya mchana, si kwa sababu nilikuwa nimemsamehe. Ukumbi ulikuwa na mikeka chini na viti vimesukumwa ukutani. Mtu wa mazoezi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, si wa huku, Kimeru hajui. Alikuwa amevua viatu na soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidoleni. Nilimwita daktari, akasema, "Mimi si daktari, mama, mimi ni wa mazoezi tu." Nikatoa kijitabu. Akasema nikiweke mfukoni kwanza, nimpe mtoto.

Alimlaza kwenye mkeka, akalala naye chini, uso kwa uso. Kwa muda mrefu hakufanya kitu ila kumtazama. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Wewe umeona nini?"

Nilimwambia yote. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi hivi kwamba yalitoka yamepangika kama dawa kwenye rafu. Hakunikatiza.

Alitufundisha kwamba ngumi haifunguliwi kwa kuvuta vidole, kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi. Unapapasa mgongo wa mkono taratibu, unaanzia kwenye shina la kidole gumba, unangoja. Aliikunja leso duara akamketisha mtoto katikati, akaweka vitu vya kuchezea upande wa kushoto. Mtoto alikaa ndani ya leso, anayumba, anatuangalia mmoja mmoja kutoka urefu ambao hakuwahi kutuangalia kutoka hapo. Alisema upande wa kushoto wa mwili haupokei habari vizuri kutoka kichwani, kwamba pengine ilitokea kabla hajazaliwa, kwamba hakuna aliyemwangusha. Angekaa, na angetembea. Mkono wa kushoto hautakuwa kama wa kulia. Utakuwa wa kusaidia, kushikilia sahani huku ule wa kulia ukiosha. Alisema mazoezi ni ya kila siku na ni ya miaka.

Nilikuwa ninamtafsiria cucu kwa Kimeru changu cha kujifunza. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya mkeka, mikono mapajani. Nilipomaliza akaniambia kwa sauti ndogo, "Muulize kama siku ile ningemwambia sista kwamba kaana, huyu mtoto wetu, hajui kukaa, ingekuwa tofauti."

Sikuwa nimewahi kumweleza kosa la lile neno. Kumbe alikuwa amelifumbua peke yake, siku ipi sijui, labda ndani ya zile siku tatu za chai bila maneno, na alikuwa amelibeba tangu hapo.

Nikauliza. Mtu wa mazoezi alimtazama cucu, siyo mimi. "Siwezi kumdanganya mama," akasema. "Kutoka miezi tisa mpaka leo ni miezi nne. Kwa mtoto wa umri huu hiyo ni mingi. Angekuwa mbele kidogo ya hapa."

Sentensi hiyo niliitaka. Kwa miezi minne nilitamani mtu aliyesoma aitamke mbele yake, nimwone akiisikia. Sasa ilikuwa mkononi mwangu, na nikaona kwamba siwezi kumkabidhi. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kimeru kwamba amesema tumefika kwa wakati mzuri.

Cucu hakuinua macho. Alikuwa ameshika mguu wa mtoto, anaufunika na pindo la leso. "Miezi nne," akasema kwa Kiswahili. "Kuhesabu mimi najua."

Nimewapanga kichwani mara nyingi wale wote waliompitia mtoto huyu: sista wa kilo, sista wa tiki, daktari wa kola nyeupe, karani, soja, daktari wa kalamu, mume wangu, mimi mwenyewe niliyeuona mkono tangu miezi mitano nikakubali kuambiwa ningoje. Kila mmoja wetu ana sababu yake, na sababu zote ni nzuri. Ni cucu peke yake, mzee asiyejua kusoma ile tiki, aliyeuliza kama amekosea. Hata hakungoja nimfariji. Alimgusa mtu wa mazoezi begani, akamwonyesha kidole gumba cha mtoto, akamwambia arudie tena polepole, kwa sababu kesho mimi nitakuwa dukani na ni yeye atabaki na mtoto.